Mkanda Mpana na Mkono Mwembamba

Jumatatu, 5 Agosti 2013. Kasulu

Vipindi viwili asubuhi, kimoja mchana. Walimu wanafunzi wa mwaka wa kwanza bado wanachanganya vigeu. Nimerudia: kigeu ni kitu chochote kinachobadilika kutoka mtu hadi mtu, au kutoka siku hadi siku. Kuna vya majina tu, kama dini na kabila. Kuna vya ngazi, kama wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hujui wa kwanza kamzidi wa pili kwa kiasi gani. Kuna vya kuhesabu, kimoja kimoja. Kuna vya kupima, vinavyoteleza bila kuruka. Wakaandika. Hawakuelewa. Dada mmoja wa dawati la mbele alikuwa anaangalia tumbo langu tu.

Na mimi nikaliangalia. Mle ndani vipo vyote vinne. Mtoto anavyocheza: cha kuhesabu. Presha: cha kupima. Miguu kuvimba, kidogo, kiasi, sana: cha ngazi. Halafu kile cha majina, chenye majibu mawili tu, mzima au maiti. Nikafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili. Walinung'unika.

Nilipita zahanati kabla ya kipindi cha mchana. Nesi Koleta kanipima, 120 kwa 80. Kama mwezi uliopita. "Presha ya msichana wa kwaya hii, Madam." Nikamwomba arudie. Akarudia, jibu lilelile. Anacheka, ameshanizoea. Vijiti vya kupimia mkojo vimeisha, hajui vitaletwa lini.

Naogopa. Naandika humu kwa sababu nikimwambia mtu ataniambia nisali.

Alhamisi, 15 Agosti. Kasulu

Viatu vya kazini havinitoshi tena. Nimefundisha na ndala za mume wangu Donasi, alizoziacha mara ya mwisho alipokuja kutoka Kibondo. Mkuu wa chuo kaziona, kapita zake. Mjamzito anasamehewa mengi.

Kichwa kinauma upande wa mbele, juu ya macho. Jirani anasema ni kusoma sana. Huyu huyu alisema miguu ikivimba ni mtoto wa kiume. Kila kitu anacho jibu lake.

Dada yangu Leokadia naye alivimba miguu. Naye aliumwa kichwa. Alikwenda kliniki kila alipoitwa, akaambiwa presha safi, halafu uchungu ulipoanza akapigwa na kifafa cha mimba na hakuamka. Na mtoto wake hakuamka. Mama mpaka leo anasema alitupiwa kitu na mtu. Hospitali walisema presha safi, sasa ni nini kingine? Ananiuliza mimi, msomi wa ile nyumba.

Basi leo nimefanya ninachokijua. Nesi Koleta yuko likizo, yupo kijana wa zamu. Sikumwambia namba za mwenzake. Kanipima: 120 kwa 80. Wapimaji wawili, siku tofauti, jibu moja. Darasani huo tunauita uthabiti. Nimerudi nyumbani nimenyoosha shingo. Nimekula ugali wote.

Jumapili, 25 Agosti. Kibondo

Nimekuja jana kumwona Donasi. Duka lake la mbegu na mbolea halimruhusu kutoka Jumamosi, kwa hiyo mwenye tumbo ndiye anayepanda basi. Vumbi tupu. Vichwa vya watu wote ndani vilikuwa vyekundu.

Leo baada ya misa tulipita kwa Mama. Hakuangalia miguu. Aliniangalia usoni. Akasema, "Mwanangu, uso wako umejaa." Akachukua kitenge chake, akatoka, hakungoja nimjibu. Tulimkuta nje anatusubiri njia ya hospitali.

150 kwa 100.

Mashine ya zamani, ile ya zebaki, mkanda wa kitambaa uliofifia. Daktari ni kijana, mpole, amechoka. Akauliza kichwa. Nikasema kidogo tu. Kwa nini nilisema kidogo? Akasema nipumzike, nirudi kesho apime tena. Mkojo, vipimo hakuna hapa pia.

Donasi alingoja mpaka tulipomwacha Mama. Kisha: "Kasulu wamekupima mara ngapi?"

Nikasema nyingi.

"Na hapa mara moja. Umetoka kwenye basi jana, umepelekwa mchakamchaka na mama yako. Wewe si ndiye mwalimu wa takwimu? Wengi wape."

Aliniambia huku anatabasamu, na mimi nikatabasamu. Ndiyo hesabu yenyewe. Moja dhidi ya nyingi, unaitupa ile moja. Nimefundisha hivyo. Lakini nimetoa jasho mpaka mgongoni.

Jumatatu, 26 Agosti. Kasulu

Sikurudi kwa yule daktari. Nimepanda basi la asubuhi. Nimeshuka, nimekwenda zahanati moja kwa moja na mkoba begani. Nesi Koleta amerudi likizo. 130 kwa 80. "Imepanda kidogo, ni safari hiyo." Nikaomba arudie. Ileile.

Nimelala mchana usingizi wa mtu aliyesamehewa. Nimeamka kichwa kinauma.

Jumatano, 28 Agosti. Kasulu

Mada ya leo: ubora wa kipimo. Ningeweza kuifundisha nimefumba macho. Uthabiti, kipimo kurudia jibu lake. Uhalali, kipimo kupima kile ulichotaka kipime. Mfano wangu wa siku zote ni mizani ya muuza maharage aliyeichezea. Ukipima asubuhi, ukipima jioni, anakupunja kiasi kilekile. Mizani thabiti kabisa. Wanacheka hapo kila mwaka, na leo walicheka.

Halafu yule dada wa dawati la mbele, anatoka Makere, haongei sana, akanyoosha mkono. "Samahani Madam. Kama inakosea vilevile kila siku, mnunuzi atajuaje?"

Nikajibu bila kufikiri. Nikasema, kupima mara nyingi kwa mizani ileile hakusaidii, hata wakipima watu kumi. Apeleke maharage kwenye mizani nyingine.

Nikasimama pale na chaki. Sikumbuki nilisimama kiasi gani. Mmoja akaniletea kiti.

Mashine moja. Nesi wawili, siku tofauti, mashine moja. Nilihesabu kura za mizani moja nikaziita nyingi. Mizani nyingine ilikuwa Kibondo na ilinijibu, na mimi nikapanda basi nikaikimbia.

Sasa nikimbilie wapi? Labda ya Kibondo ndiyo mbovu. Ni kuukuu, mkanda umefifia. Mbili zinapingana, hakuna ya tatu. Naogopa. Nimejifunika blanketi mchana.

Alhamisi, 29 Agosti

Mtoto hajacheza tangu niamke. Nimekunywa chai ya sukari nyingi. Nimelala ubavu wa kushoto. Nimemwita kwa Kiha, mwana wanje, mwana wanje, yaani mwanangu, nikigonga tumbo kwa vidole. Jina sijampa, kwetu hatutangulizi jina.

Amecheza. Nimelia hadi nikatapika.

Ijumaa, 30 Agosti. Kasulu, maabara ya chuo

Kipimo cha tatu nimekipata. Mama mmoja aliyewahi kuwa mkunga alinieleza zamani jinsi walivyokuwa wanapima mkojo kabla ya vijiti. Unauchemsha. Mkojo safi ukichemka unabaki maji. Wenye protini, dalili ya kifafa cha mimba, unaganda kama ute wa yai. Unatia siki matone machache. Ukungu wa chumvi utayeyuka, wa protini utabaki.

Wanafunzi wako michezoni. Mwalimu Bazili wa kemia kanipa ufunguo, hakuuliza. Nimewasha taa ya spiriti. Mdomo wa tyubu unagonga kishikio. Nilitaka ubaki maji. Nilimwomba Mungu, mimi nisiyetaka kuambiwa nisali.

Umeanza juu, karibu na moto. Weupe. Ukashuka. Nimetia siki. Haukuondoka. Umezidi.

Huu haujui mashine ya Kasulu wala ya Kibondo. Umekubaliana na Kibondo.

Macho yananichezea, naona vitu kama vimulimuli pembeni. Naacha hapa. Naenda zahanati.

Jumanne, 3 Septemba. Hospitali, Kasulu

Nipo hai. Mwandiko huu si wangu lakini ni mimi.

Niandike kwa mpangilio kabla sijasahau.

Ijumaa ile, pale zahanati, Nesi Koleta alinikalisha akachukua mashine. Sikumwambia kitu kwanza, nilinyoosha mkono tu kama siku zote. Siku zote huwa naangalia saa ya mashine, sindano inaposhuka. Safari hii niliangalia mkono wangu. Mkanda ulikuwa mpana, wa mtu mnene. Ulinizunguka ukarudi ukajipanda wenyewe karibu raundi ya pili. Pembeni yake kuna mistari miwili imechapwa, ya kuonyesha mkanda uishie wapi ukimfaa mtu. Wangu uliipita yote miwili ukaenda zake. Mistari hiyo ilikuwepo Julai. Ilikuwepo nilipokuwa naomba "rudia, Nesi." Mkanda mkubwa kwa mkono mdogo unapunja, na unapunja kila siku.

135 kwa 90.

Nikamwambia, Nesi, mkanda haunifai. Akasema, "Ndio huo tulio nao, Madam, tunawapima wote." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, ndio walio nao. Nikamwambia habari ya mkojo, kwamba nimeuchemsha. Niliona haya, lakini mficha uchi hazai. Uso wake ukabadilika. Akafungua kabati la chini, akatoa mkanda mdogo ambao mpira wake ulipasuka, umezungushiwa plasta. Akauchomeka kwenye mashine ileile. Ukakaa katikati ya mistari.

160 kwa 110.

Alikaa. Nesi aliyenipima miezi yote hiyo alikaa kwenye benchi la wagonjwa akashika kichwa. Halafu akainuka akapiga kelele gari la chuo liletwe. Alipanda na mimi. Njia nzima alikuwa anasema, "Madam usifumbe macho, nisamehe Madam, usifumbe macho."

Hospitali, sindano za mapaja za kuzuia kifafa zinaunguza kama umekalia jiko. Mwili wote ukawaka, kisha ukawa mzito, ulimi ukawa wa mtu mwingine. Nilisikia wanasema mtoto hawezi kungoja, mama hawezi kungoja. Donasi alifika Jumamosi. Duka alilifunga. Alisimama mlangoni hakuthubutu kuingia, nikamwona na nikadhani ndiyo ananiaga.

Jumapili mchana kazaliwa. Msichana. Kabla ya wakati wake, mdogo. Alinyamaza kwanza. Kile kigeu cha majibu mawili kilisimama pale hewani, na mimi nimelala nimefungwa dripu, siwezi kuinua shingo kutazama.

Akalia. Kilio chembamba.

Jumatano, 4 Septemba. Hospitali

Wanasema hatari haijaisha, hata aliyekwisha kujifungua anaweza kupigwa na kifafa. Kila mwanga ukinichezea machoni nashika chuma cha kitanda.

Mama amefika. Alikaa hapo akanikanda mguu, na alipopandisha mkono wa blauzi nikauona mkono wake. Mwembamba kama mpini wa jembe. Wangu. Wa Leokadia. Mikono ya kwetu ni hiyohiyo.

Nikamweleza, taratibu, kwa sababu ulimi bado mzito. Mkanda mpana, mkono mwembamba, namba ndogo. Kwamba "presha safi" ya Leokadia labda haikuwa safi. Nikasema labda. Siwezi kusema zaidi ya labda, sikuwepo, sikuuona mkanda.

Alihamia mguu wa pili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuwa mtu?"

Nikasema, labda hakuwa mtu, Mama.

Akaendelea kunikanda. Hakulia. Ningependa angelia.

Alhamisi, 12 Septemba. Hospitali

Presha inashuka, wananipima kwa mkanda wa wodi ya watoto. Sasa hofu imehamia kwa mtoto. Anapungua. Wanasema wote hupungua kwanza. Mizani inawekwa juu ya meza inayoyumba, nikamwambia nesi aisukume ukutani, akasukuma. Namba ikabadilika. Nikatamani nisingesema.

Hana mafuta mwilini ya kumpasha joto. Wamenifundisha kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na nepi tu, nimefungwa naye kwa kitenge. Mchana na usiku. Mwili wangu ndio mashine yake. Kuna wakati anasahau kupumua. Namgusa unyayo, anakumbuka. Je, nikisinzia mimi?

Donasi alikuja akakaa pembeni, anachezea funguo za duka. Akasema bila kuniangalia, "Ile siku Kibondo. Sikuwa napiga hesabu. Niliichagua ile ndogo kwa sababu kubwa ilinitisha."

Nikamwambia hata mimi.

Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nayo wiki iliyopita, nyingi. Imeisha, au nimechoka tu.

Jumapili, 29 Septemba. Kibondo

Tumeruhusiwa. Ameongezeka, si sana. Nimekuja kumalizia likizo ya uzazi kwa Donasi. Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, baridi imeingia mpaka kwenye shuka.

Silali. Tangu hospitali silali. Nikifumba macho nasikia kama hapumui, naamka, anapumua. Mikono imekufa ganzi. Leo baada ya chakula Donasi kaniambia, "Nipe mimi." Nikamwambia ni ngozi kwa ngozi, si kumbeba tu. Akasema amesikia. Akavuta pazia, akafunga mlango wa mbele, maana hapa mwanaume akionekana amefungwa mtoto kifuani habari itafika mnadani kabla yake. Akavua shati. Nikamfungia mtoto, nikamwonyesha unyayo wa kugusa. Akaketi kitandani ameshikilia pumzi, eti asimsumbue. Nikamwambia apumue.

Mlango wa nyuma tuliusahau.

Mama huingia kwa mlango wa nyuma. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani hata kidogo. Donasi akimwona Mama barabarani anashuka kwenye baiskeli na kutazama chini. Hajawahi kula mbele yake. Leo Mama kasukuma pazia la chumba, ana bakuli la uji wa ulezi, na mkwewe kakaa kitandani kifua wazi.

Hakuweza kusimama, mtoto amelala. Hakuweza kujifunika, shati liko kwenye kiti. Akageuza uso ukutani. "Shikamoo, Mama."

Mama alisimama na bakuli lake. Nilidhani ataweka bakuli chini aondoke, na tusimwone tena mpaka tupeleke mbuzi wa kuomba radhi.

"Marahaba, mwanangu."

Aliweka bakuli. Akavua kitenge cha begani, akasogea, akiangalia pembeni, akawafunika wote wawili mpaka kwenye kidevu cha Donasi. Akachomeka pindo chini ya bega lake baridi ya mvua isiwapate.

"Mkono wako mwingine uweke chini ya matako yake," akamwambia. "Ulivyomshika hivyo ataanguka."

Donasi akauweka. Mama akatoka kwenda kutazama moto. Nilimsikia anavunja kuni.

Nikajilaza pembeni yao. Nikalala.